Ernestine Apanda Mulenge

Ernestine aliwachomea wageni mikeke minane, samaki wanene aliowachagua mwenyewe asubuhi ufukweni Uvira. Wageni walikuwa watu wa Mulenge, jamaa za Nizeyimana, kijana aliyetaka kumwoa binti yake Ornella. Wote walikula isipokuwa mama mzazi wa kijana, Mukarusanga. Huyo alimsogeza samaki pembeni ya sahani, akamfunika kwa bugali, akaendelea na mboga.

Ernestine alimwona. Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Mukarusanga aliongea kidogo: anatudharau. Aliaga mapema: nyumba yetu inamchosha. Alitabasamu mlangoni: anatucheka. Ernestine akamsimulia dada yake Pétronille, naye Pétronille, ambaye hata hakuwepo, akakubali yote. Basi sasa mashahidi wakawa wawili! Jumapili, baada ya misa, Ernestine akatangaza kwamba ndoa imesimamishwa.

Ornella hakulia. Alimtazama mama yake, akasema:

"Mama, ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Minye sina macho?"

"Macho iko. Lakini kinywa nayo iko."

Maneno hayo yalimsumbua Ernestine siku mbili. Siku ya tatu akachukua pikipiki mpaka Runingu, chini ya mlima, akashika njia ya kupanda Mulenge kwa miguu, akipanga maneno makali ya kusema akifika.

Mukarusanga alimwona akiwa bado mbali. Akatoka mbio, akamkumbatia kwa muda mrefu mpaka yale maneno yakapotea. Akamketisha, akamletea maziwa ya mgando, kikombe kikubwa kilichojaa hadi ukingoni.

Ernestine akanusa. Tangu utotoni maziwa ya namna hiyo yalimvuruga tumbo. Akagusisha midomo, akakiweka kikombe chini, akakiinua tena. Akasifu ndama waliokuwa uani, huku akikisukuma kikombe polepole nyuma ya mguu wa kiti.

Mkono wake ukasimama hapo hapo. Je, alikuwa anamdharau mwenyeji wake? Hata kidogo. Alikuwa anaona haya tu.

"Mama Nizeyimana," alisema, uso ukimwaka, "unisamehe. Maziwa hii siiwezi. Na ile siku ya samaki, nilidhani weye unatudharau. Nikasimamisha ndoa."

Mukarusanga alikitoa kikombe nyuma ya mguu wa kiti.

"Tangu nizaliwe sijakula samaki," akasema. "Na ile yako ilikuwa inaniangalia! Nikaogopa kukataa, nikaifunika."

Ernestine ndiye aliyeanza kucheka. Mukarusanga akamfuata, wakacheka mpaka ndama wakageuza vichwa. Kisha Mukarusanga akamaliza maziwa yale mwenyewe, akaenda kuchemsha chai.

Walipokuwa wakiinywa, Ernestine aliuliza yote aliyopaswa kuuliza siku ile. Kumbe mgeni wake aliaga mapema kwa sababu ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Kumbe aliongea kidogo kwa sababu jino lilikuwa linamuuma. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, wala hakuna hata moja lililomhusu Ernestine. Alishangaa jinsi alivyokuwa na hakika, ilhali aliyekuwa na majibu alikuwa umbali wa safari ya asubuhi moja tu.

Wakapanda pamoja kilimani, mahali ambapo simu inashika.

"Ornella, ndoa iko!" Ernestine alipaza sauti. "Nilikosea, mwanangu. Nilikosea kabisa!"

Kabla Ornella hajajibu, Mukarusanga aliinyakua simu, akapiga vigelegele.