Celso au Rowena

Mimi ndiye niliyeuliza lile swali. Ningekuwa na akili ningeuliza bei ya mchele.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane. Mvua ilivunja mapambano ya majogoo saa nane mchana, na uwanja mzima ukakimbilia kwangu, maana bati la mgahawa wangu ndilo lililo karibu. Meza sita zikajaa, benchi likajaa, wengine wakakalia makreti ya soda. Napenda nyumba iliyojaa. Nyumba ikijaa ndipo ninaposikia nani kaachwa, nani anajenga kwa fedha za nani, na karanga zangu za vitunguu saumu zinajiuza zenyewe. Lakini siku hiyo watu walikuwa wamelowa na wamenuna. Nusu ya majogoo wao walirudi bila kupigana, nusu walirudi wakisubiri sufuria. Hakuna aliyetia hata sarafu moja kwenye mashine ya karaoke. Basi nikasimama katikati na sahani ya karanga, nikauliza kwa sauti: tangu enzi za bibi zetu mpaka leo, nani hasa bingwa wa kuburudisha watu katika nchi hii?

Mate hayakunikauka mdomoni, nyumba ikawaka. Wazee wa kona wakasema ni Celso Almarines, na swali lenyewe ni utovu wa adabu. Celso wa suti nyeupe, aliyekuwa akiimba wimbo mmoja wa mapenzi, wake za watu wakasahau njia ya kwenda nyumbani. Madereva wa pikipiki za abiria wakapiga meza: Rowena Magtibay, malkia, aliyebadilisha gauni mara saba katika onyesho moja na akaimba ana homa ya nyuzi arobaini. Wasichana wa kiwanda cha nguo, waliokuwa wamejibanza mlangoni, wakawataka wale vijana watano wa siku hizi. Mzee mmoja akawauliza kama vijana hao wanacheza au wameingiwa na siafu surualini. Msichana akamjibu kwamba afadhali wao bado wana nyonga za kuzungusha. Nilicheka mpaka nikamwaga karanga.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mang Densio, maana kwetu mkubwa wa kiume huitwa Mang na wa kike Aling, alikuwa peke yake kwenye meza iliyo chini ya feni. Ni sarjenti mstaafu wa polisi, umri sitini na sita, shingo kama ya nyati wa shamba la mpunga. Kila akiketi huvua kipochi chake cha kiunoni na kukiweka mezani, zipu ikimwelekea yeye. Hakuna asiyejua kilichomo. Husemwa kwamba huko ng'ambo ya ziwa alimnyamazisha mtu katikati ya wimbo. Wengine husema alimjeruhi mguu tu. Wengine husema mtu huyo alikwenda Saudia kwa hiari yake kutafuta kazi. Mimi mwenyewe nimeisimulia hadithi hiyo kwa namna zote tatu, kulingana na msikilizaji.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wangu Lauro, anachuruzika maji.

Lauro ni kitinda mimba wetu. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, mimi nina kumi na saba, nikamlea kwa uji wa mchele na makonzi, naye mpaka leo huniita Ate, dada mkubwa. Sasa ana miaka thelathini na minne, ana mke, ana pikipiki yake yenye kibanda cha abiria ubavuni, na ana sauti ambayo kanisani hufanya watu wageuke. Mdomo ndio haukupata breki. Alisikia jina la Celso, akacheka, akasema mbele ya watu wote kwamba Celso Almarines hakuwahi kuimba katika uwanja wa mji huu. Mkwewe, baba wa mkewe, ndiye aliyekuwa fundi wa vipaza sauti sikukuu ile Celso alipoletwa jukwaani, na kanda ndiyo iliyokuwa ikiimba. Celso alikuwa akifungua na kufumba mdomo tu, kama samaki kwenye beseni la sokoni.

Nyumba ikaangua kicheko. Kisha waliomwona Mang Densio usoni wakanyamaza, na waliowaona hao wakanyamaza, mpaka ikabaki mvua juu ya bati.

Nikasikia zipu. Katika kelele yote ile ya mvua, nilisikia zipu.

Mkono wa kulia wa Mang Densio uliingia ndani ya kipochi, ukabaki humo.

"Rudia, kijana," alisema kwa upole.

Lauro alikuwa akijifuta nywele kwa taulo langu la vyombo, hakuwa ameona kitu. "Nimesema kama samaki, Mang Densio. Si maneno yangu, ni ya marehemu mkwe wangu."

Sijawahi kuona nyumba ikitoka watu namna ile. Hakuna aliyekimbia. Mmoja akakumbuka nguo alizoanika, kana kwamba bado kulikuwa na cha kuokoa. Mwingine akasema jogoo wake anahitaji dawa. Wasichana waliyeyuka kama chumvi. Mang Isko, aliyekuwa mmiminaji wa pombe siku hiyo, alinitia chupa mkononi akasema ameacha wali jikoni, naye tangu aoe hajawahi kuinjika hata maji. Na hawakwenda mbali, nawajua watu wangu. Walisimama nje chini ya upenu, macho kwenye nyufa za mbao.

Tukabaki watatu.

"Keti," Mang Densio alimwambia Lauro. Lauro akaketi mbele yake, na hapo ndipo alipoona mkono ulipo. Midomo yake ilibadilika rangi. "Mimi nitamwimba Celso. Wewe mwimbe malkia wenu ninyi madereva. Mashine itatoa alama, itasema nani bingwa."

Lauro akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, atakayeshindwa itakuwaje.

"Tutaona," alisema Mang Densio.

Sikuwa na nguvu yoyote pale ila chupa. Kwetu glasi ni moja, inazunguka, na mmiminaji ndiye anayeamua nani anywe kiasi gani. Zamu yako haikataliwi, na chupa haiguswi na mwingine, hata awe diwani. Basi nikammiminia Lauro mpaka ukingoni, na Mang Densio nikamlowanishia kitako cha glasi tu. Niliona kwamba mtu aliyelala fofofo juu ya meza hapigwi risasi, ataonewa haya. Mara ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu Mang Densio aliitazama glasi kwenye mwanga.

"Aling Sorsing, mkono wako umepooza upande wangu?"

Nikamjazia. Mdomo wa chupa uligongagonga glasi kama meno ya mtu mwenye malaria.

Aliimba akishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukutoka. Sauti yake ni ya lango la chuma, lakini aliimba amefumba macho, na kila neno alilijua. Nilisema moyoni: sasa, Sorsing, kichukue kipochi. Nikainama nikaokota karanga. Mashine ikapiga tarumbeta zake, namba zikazunguka, zikasimama: tisini na moja.

Nilipompelekea Lauro kipaza sauti nilimwinamia kana kwamba nafuta meza. Nikamnong'oneza, imba vibaya.

"Ate, siwezi," alininong'oneza.

Hakuwa akijigamba. Alijaribu, Mungu ni shahidi. Ubeti wa kwanza ulitoka umekatikakatika, pumzi hana, nikashukuru watakatifu mmoja mmoja kwa majina. Kisha kikafika kiitikio, pale Rowena anapopanda, na koo la ndugu yangu likasahau kwamba lina mwenyewe. Nilimfundisha mimi kiitikio hicho, nikimwogesha. Kilipanda mpaka mvua ikawa haisikiki. Nje chini ya upenu mtu mmoja akasema "aah", wakamziba mdomo. Mang Densio akafumbua macho.

Nilijua kabla ya tarumbeta. Namba zikaanza kuzunguka. Ya kwanza ikasimama: tisa. Ya pili bado inazunguka, nikakanyaga waya kwa kisigino na kuvuta. Kioo kikawa cheusi.

"Umeme umekatika," nilisema.

Juu ya vichwa vyetu feni iliendelea kuzunguka. Mang Densio aliinua uso akaitazama. Lauro akaitazama. Nami nikaitazama, ningefanyaje. Ilikuwa ikilia nyii, nyii, kama kifaranga.

"Umekatika," alisema Mang Densio.

"Ndiyo, Mang Densio."

"Basi sema wewe. Umesikiliza wote miaka yote. Bingwa nani?"

"Celso," nilijibu upesi. "Celso Almarines. Hana wa pili."

Na ndugu yangu, amejaa pombe niliyommiminia kwa mkono wangu mwenyewe, akainua kichwa. "Mwongo, Ate. Wewe picha ya Rowena unayo ukutani, karibu na Bikira Maria."

Kipochi kikasogea juu ya meza. Kidogo tu, upana wa kidole, kikaelekea kifuani kwa Lauro.

Nilimzaba Lauro kofi ambalo wa nje walilisikia. Kabla hajajua kimetokea nini nilimkamata ukosi, nikamshusha magoti kwenye saruji yenye maji. "Mwombe mano mzee wako," nilisema. "Sasa hivi."

Mano ni mkono wa baraka. Unauchukua mkono wa mkubwa wako, unauweka kwenye paji la uso, naye anakuombea. Mtoto huuomba akirudi shule, mtu mzima huuomba akiwa na makosa. Haunyimwi. Nimeona watu waliopelekana mahakamani kwa ajili ya shamba wakipeana mano langoni. Na ni mkono wa kulia, si wa kushoto.

Lauro aliinamisha kichwa akanyoosha mikono miwili. "Mano po," alisema. Sauti yake ilikuwa ya miaka sita.

Mkono haukuja.

Nilisimama nyuma yake na vidole vyangu bado viko kwenye ukosi wake, nahisi mishipa ya shingo inavyopiga. Kitambaa cha kipochi kilijikunja, kikajinyoosha. Niliwaza kwamba risasi ikipita kichwa chake itanikuta mimi tumboni, na wazo hilo, sijui kwa nini, ndilo pekee lililonituliza. Nje bibi mmoja alianza Salamu Maria kwa sauti, wengine wakadakia. Mikono ya Lauro ikaanza kushuka kwa uchovu. Nikaishika kwa viwiko nikaiinua tena.

Ndipo mkono ukatoka. Ulitoka mtupu, una alama za meno ya zipu kwenye kifundo, na ulikuwa ukitetemeka kuliko wangu. Lauro aliudaka, akaugandamiza kwenye paji la uso wake.

"Mungu akuhurumie," alisema Mang Densio, kama inavyopasa kusemwa.

Alifunga kipochi. Hakusimama mara moja. Alinitazama mimi, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, nami sipitwi. Kwamba sikukuu ile yeye ndiye aliyewekwa zamu nyuma ya jukwaa, na Celso alipomaliza alimpa koti lake alishike. Koti lilikuwa limelowa, zito kama mtoto aliyelala. "Mtu asiyeimba, Aling Sorsing, jasho lile litatoka wapi?"

Nilimwambia halitoki popote. Akajifunga kipochi kiunoni, akatoka kwenye mvua bila kofia. Wale wa chini ya upenu waligawanyika wakampisha, na wawili watatu wakamwomba mano kabisa, kwa kujikinga.

Hata maji ya viatu vyake hayajakauka sakafuni nyumba ikawa imejaa tena. Kila mtu ananieleza jinsi alivyokuwa karibu kuingilia kati. Mang Isko aliuliza chupa yake iko wapi. Lauro alikuwa bado sakafuni, amekaa, shavu lina vidole vyangu vinne. Nilidhani atalia. Akaniuliza polepole, "Ate, nilipata ngapi?"

Nilimtazama. Nilijua kwamba akisikia tisini na kitu, Jumapili ijayo yuko hapa, juu ya benchi, anadai mechi ya marudiano.

"Sitini na mbili," nilisema.

Alichukua ufunguo wa pikipiki akatoka. Huu ni mwezi wa tano hajakanyaga kwangu. Anaegesha kule kanisani, anawaambia abiria kwamba dada yake alimdhalilisha mbele ya mtaa na kwamba mashine yangu imeoza. Mang Densio yeye haachi hata Jumapili moja. Anaketi chini ya feni, anaweka kipochi mezani, nami nammiminia sawa na wengine, na mikono yangu naificha kwenye aproni mpaka aondoke. Wiki iliyopita mke wa Lauro alikuja kunibembeleza. Alisema mume wake halali, hali, anaiwaza ile sitini na mbili. Hata ikiwa si kweli, alisema, nimwambie tu alipata tisini, maana yuko tayari kusamehe kofi.

Nikamfungia nyama ya nguruwe na wali ampelekee. Nikamwambia amweleze kwamba nimekumbuka vizuri, ilikuwa hamsini na nane.