Jina la Katikati

Kiwanda kile cha udobi kilifua mashuka ya mahoteli, na mashuka ya mahoteli hayana shukrani: leo unayamaliza, kesho yamerudi na madoa mapya. Wafanyakazi walipata thelathini, na kila mmoja alikuwa na wenzake wa kula nao, kuteta nao na kununiana nao. Isipokuwa mmoja. Huyo alipiga pasi kwenye meza ya mwisho, ukutani, kando ya mashine ya kukaushia iliyonguruma kutwa. Ukitaka kumsemesha ilibidi upaze sauti, na nani atapaza sauti kwa ajili ya habari za asubuhi? Wakamwita Bi Kimya. Miaka kumi na mmoja jina hilo lilimganda, hata likalimeza lake la kuzaliwa.

Msidhani alilipenda. Watu hupenda kusema fulani ni mkimya kwa hulka yake, wakishasema hivyo wamejitoa lawamani. Hakuwa na hulka yoyote, alikuwa mpweke tu. Mumewe alishatangulia mbele ya haki. Binti yake aliolewa mbali, akawa anapiga simu Jumapili, mtandao ukikubali. Mama wa watu alipika kikombe kimoja cha mchele na bado kikabaki.

Mwaka ule ikaletwa dawa mpya ya kung'arishia mashuka, ya bei ya chee. Mama Pacha, aliyekuwa akiloweka, akababuka viganja vyote viwili. Meneja akamwambia akauguze mikono yake nyumbani. Aliporudi kuulizia kazi, akaambiwa nafasi imeshajazwa.

Hapo ndipo Redio alipokuja na akili yake. Redio alikuwa mkunjaji mashuka, na jina alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima. Alisema iandikwe barua: glovu kwa wote, na Mama Pacha arudishwe. Sawa, lakini nani atangulie kutia jina? Meneja alikuwa na desturi ya kusoma jina la kwanza tu, kisha kumfukuza mwenye jina hilo. Redio akachukua kifuniko cha ndoo, akakilaza juu ya karatasi, akakizungushia kalamu. Kila mtu aandike jina lake kufuata ule mduara.

"Mduara hauna kichwa wala mkia," alisema. "Atamshika nani?"

Karatasi ikapita meza hadi meza. Bi Kimya ilimfikia mwisho kabisa, watu wakiwa wameshavaa viatu vya kutokea, kwa sababu moja tu: walikuwa wamemsahau. Redio alirudi mbio kutoka mlangoni. "Dada yangu, nisamehe. Tia jina lako hapo, upesi." Akamwachia karatasi, akaenda kufunga mzigo wake. Mduara ulikuwa umejaa, majina yamebanana hadi yanakanyagana. Bi Kimya alitafuta upenyo asiuone. Mtu mwingine angeuliza. Yeye hakupenda kusumbua watu, akaandika pale palipobaki peupe, yaani katikati, kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Akaikunja karatasi vizuri, akairudisha, na hakuna aliyeifungua tena mpaka ilipofika mezani kwa Meneja.

Asubuhi akaitwa ofisini.

"Kumbe ni wewe," Meneja alisema. "Wote wamekuzunguka."

"Nafasi iliisha pembeni, bosi."

Meneja alicheka mpaka akafuta macho. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga walikuona wewe." Kisha akaacha kucheka. "Haya. Kama siyo wewe, nitajie aliyeuchora huu mduara, urudi kwenye pasi yako. Sina ugomvi na wewe."

Jina la Redio lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Na angelitaja, nani angemlaumu? Hakuwahi kula nao hata siku moja. Lakini aliitazama ile karatasi, majina ya watu wote yamelizunguka lake, na nitasema kweli: alifurahi. Ilikuwa furaha ya kijinga, ya mtu aliyekumbukwa dakika ya mwisho, lakini kwa miaka mingi hakuwa na nyingine.

"Basi andika ni mimi," alisema.

Akatolewa kwa mlango wa ofisini, ule wa barabarani, asipate kupita mbele ya wenzake.

Siku ya kwanza alikaa chumbani akisikilizia hodi. Siku ya pili akajiambia watu wana kazi, watakuja wakitoka. Siku ya tatu hasira ikampanda. Wamepata glovu zao, alijisemea, nani tena atamkumbuka wa meza ya mwisho? Alilia, akanawa uso, akafua sare ya kazi na kuipiga pasi, hata kola, ili kesho akairudishe na yaishe.

Siku ya nne alifika akakuta geti limefungwa. Hakuna mvuke, hakuna mngurumo. Wenzake walikuwa wamekaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, ukuta mzima. Redio alimwona wa kwanza, akainuka, akamjia mbio.

"Ulikuwa wapi wewe? Tumezunguka mitaa mitatu tunaulizia Bi Kimya, watu wanatuangalia kama tumechanganyikiwa."

Wangejuaje? Kwake aliitwa Mama wa Chumba cha Nne.

"Jina lako lenyewe liko kwenye ile karatasi, na karatasi anayo bosi," Redio aliendelea, sauti imeshuka. "Tulikaa hapa tukaulizana. Dada, hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka."

Bi Kimya aliikumbatia sare yake. "Glovu hamkupewa?"

Aliyejibu ni Mama Pacha, aliyekaa karibu na geti, mikono imefungwa bandeji. "Tumepewa. Na mimi niliambiwa nirudi jana. Wewe tu ndiye umekatazwa kurudi, eti kiongozi." Akatabasamu kidogo. "Nikamwambia bosi glovu zake avae mwenyewe. Wenzangu wakatoka nyuma yangu."

Mama Pacha akasogea, akampa nusu ya boksi lake, naye akakaa. Boksi lilikuwa dogo, mabega yao yakagusana.

"Sasa tuambie," Redio alisema, amechuchumaa mbele yake. "Unakaa wapi?"

Ni swali ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote pale. Akawaelekeza: ukipita kisima cha mashine ukate kushoto, nyumba ya mlango wa bluu, chumba cha nne, ugonge kwa nguvu. Waliitikia kwamba wameelewa. Akawaelekeza tena.