Gustave Alishuka Garini

Mwanangu Gustave hunipigia simu anapompeleka binti yake shule. Kwao Ohio ni asubuhi, kwangu hapa Durban jua limeshaanza kushuka. Yeye huibandika simu yake mbele, karibu na usukani, na Gracieuse, mjukuu wangu wa miaka kumi, huingilia maneno kutoka kiti cha nyuma. Mimi naitundika yangu kwenye msumari wa dirisha, maana chumba chetu hapa Point kimezibwa na ghorofa jipya na network inapita pale tu. Naweka sauti kubwa, naendelea na kazi.

Siku hiyo kazi ilikuwa maandazi. Nilikuwa na unga hadi viwikoni, na Blandina, jirani yangu Mtanzania, alikuwa ananipashia mafuta moto.

"Baba Gracieuse, hata sauti yako imenenepa," Blandina akasema. "Wanakulisha nini huko?"

"Kuku ya huku iko na sukari, Mama Blandina. Ukikula unasikia kama keki."

Tukacheka.

"Iko polisi nyuma yetu," Gustave akasema. "Anawasha taa. Labda si mimi." Akangoja. "Ni mimi."

"Simama basi, baba," nikamwambia. "Umsalimie vizuri."

Nilisema hivyo kwa mazoea. Kwetu Uvira mtu akisimamishwa kwenye kizuizi hakai garini kama bwana harusi. Anashuka, anavua kofia, anamfuata mkubwa pale alipo, na karatasi zake zinatoka mfukoni kabla hazijaulizwa. Kubaki kwenye kiti na kumngoja mwenye bunduki aje dirishani ni dharau, na watu wamepigwa kwa ajili hiyo. Hapa Durban tabia hiyo haikutuacha, ilizidi. Mimi mwenyewe nikienda kliniki, karatasi yangu ya ukimbizi iko kifuani ndani ya plastiki, kwa sababu siku nyingine wanasimama watu getini kuwauliza wageni karatasi, na hao hawana subira. Mkimbizi hujifunza kutoa haraka.

Tena Gustave aliamini kwamba mambo ya polisi wa Amerika na watu weusi hayamhusu. Tulikuwa tunaziona zile video, kila mtu anazo kwenye simu. "Hao ni weusi wa huku, mama," alikuwa akiniambia. "Wana mambo yao na wazungu tangu zamani. Sisi tulikuja kwa ndege, tuko na karatasi." Nilipenda maneno hayo. Yalinipa usingizi.

Nikasikia mlango wa gari unafunguka.

"Papa, usishuke," Gracieuse akasema.

"Ninamusalimia tu."

"Papa, hapa hawashuki."

Lakini alikuwa ameshashuka, nilijua kwa jinsi sauti yake ilivyokwenda mbali. "Good morning, sir," akasema, kwa ile sauti ya chini ya mtu aliyelelewa. Hapo mwanamume akapiga kelele kwa Kiingereza, arudi ndani ya gari. Mwingine, kutoka upande wa pili, akapiga kelele asisogee, aonyeshe mikono. Walikuwa wawili, na kila mmoja alitaka lake. Kiingereza changu ni cha sokoni, ila hayo niliyaelewa yote. Na nikasikia kwamba sauti ya yule wa kwanza inatetemeka.

Askari alikuwa anaogopa. Hilo ndilo lililonikausha mate. Kwetu tulimwogopa mwenye bunduki akiwa amelewa, au akiwa na njaa. Sikuwahi kufikiri kwamba nitamwogopa kwa sababu yeye ananiogopa mimi.

"Niko na karatasi, sir," Gustave akasema kwa Kiingereza. "Mimi ni mkimbizi. Karatasi ziko hapa."

Hapo anaposema ni mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Ndipo hata marehemu baba yake alipoziweka.

Nikafungua mdomo nimwite. Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kisha nikafikiri: simu yake ina sauti kubwa kama yangu, neno langu litatokea ndani ya lile gari, na mtu mwenye hofu na bunduki atasikia mtu asiyemwona. Nikafunga mdomo. Kuikata simu yangu sikuthubutu, maana ikiguswa na kidole chenye unga hufanya inavyotaka.

Gracieuse akaanza kusema kwa Kiswahili, polepole, kama anayemsomea mgonjwa.

"Papa. Usiingize mukono mufukoni. Wacha karatasi. Fungua vidole, waone hakuna kitu. Usigeuke kuniangalia."

Hapo Blandina akashindwa. "Yesu wa Naza..." Nikamziba mdomo kwa mkono wangu wa unga, lakini nusu ya jina ilikuwa imeshavuka bahari.

"Nani huyo?" askari akapaaza sauti. "Kuna nani mwingine ndani?"

"Ni bibi yangu, sir," Gracieuse akajibu kwa Kiingereza chake cha puani. "Yuko Afrika. Ni simu tu. Mikono yangu iko juu ya kiti cha mbele, sir, unaweza kuiona."

Sikusikia jibu. Blandina alikuwa analia ndani ya kiganja changu, pumzi yake moto. Mafuta yakaanza kutoa moshi, nikazima jiko kwa kiwiko bila kuiondolea macho ile simu. Nilikuwa najiuliza risasi husikika vipi kwenye simu, kama ingesikika, au kama simu ingekatika tu na mimi nibaki nikidhani ni network.

Halafu sauti zikashuka. Nikashika maneno mawili matatu: taa ya nyuma, haiwaki, itengeneze. Yule mwingine akamwambia siku nyingine abaki ndani ya gari, kwa sababu leo angeweza kuumia. Alisema hivyo, kuumia, kama vile ni barabara ambayo ingemuumiza. Gustave akasema asante, sir. Akasema tena, na tena, hata walipokuwa wameondoka.

Mlango ukafungwa.

"Gustave," sasa nikasema.

"Mama. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ni taa tu." Akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Nimelowa kama mutu ametoka kuoga."

"Usiwashe gari bado, Papa," Gracieuse akasema. "Unatetemeka."

Nikamuuliza mjukuu wangu, ambaye huniita Koko, ni nani aliyemfundisha mambo yale.

"Ni mama wa kwaya, Koko. Ni mweusi wa huku. Tukimaliza kuimba anatupanga kwenye viti kama tuko ndani ya gari, halafu yeye anakuwa polisi. Na yeye mama yake alimufundisha."

"Kanisani?" Blandina akauliza, unga bado mashavuni.

"Kanisani. Hata watoto wadogo."

"Na hukuniambia?" Gustave akasema.

"Nilikuambia, Papa. Ulisema sisi si wale."

Magari yalikuwa yanapita upande wa Gustave, moja baada ya jingine.

"Hakuniuliza ninatoka wapi," akasema mwishowe. "Nilikuwa ninangoja aniulize."

Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa chini ya dirisha. "Gracieuse," nikasema, "mfundishe baba yako. Sasa hivi, mimi nasikiliza."

"Koko, nitachelewa shule."

"Uchelewe."

"Mama, mimi ni mutu mukubwa," Gustave akasema.

"Ndiyo, baba. Msikilize mtoto."

Nikasikia Gracieuse anashuka, hatua zake ndogo kwenye kokoto, kisha anagonga kioo. Akaifanya sauti yake iwe nene: leseni, na karatasi za gari. Blandina akasogea karibu yangu, tukashikana mikono. Nikasikia nguo inachakarika, nguo nzito, ya koti.

"Papa," mtoto akasema kwa sauti yake mwenyewe, "mukono umeingia tena mufukoni. Hujaniambia kwanza unatoa nini. Wamekwisha kukupiga risasi."

"Anza tena," nikawaambia.