Mashine ya Saa ya Mzee Okinyi

Fundi saa Khaemba alipofungua mgongo wa saa ile, aliitambua mashine iliyokuwa ndani. Mbele ya kibanda chake karibu na soko la Kibuye alisimama Aloo, binti wa Mzee Okinyi wa Kombewa. Alikuwa amemweleza kwamba babake anazikwa Jumamosi, na familia inataka saa yake itembee vizuri kabla ya kukabidhiwa kitinda mimba.

Kwa nje ilikuwa saa ya Uswisi, lakini mashine ya ndani ilikuwa hafifu. Khaemba hakuhitaji kuuliza aliyeiweka. Miaka tisa nyuma, mzee alipoileta isafishwe tu, Khaemba mwenyewe aling'oa mashine nzuri, akaiuza, akapachika hii. Mzee alimshukuru, akaenda zake bila kujua.

Aloo aliendelea kusimulia bila kuulizwa. Babake ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa, na majirani wakirekebisha saa zao kwa yake. Kisha akaanza kuchelewa, leo dakika kumi, kesho ishirini. Waumini wakacheka, mwishowe kengele akapewa mtu mwingine. Tangu hapo mzee alijifungia nyumbani, hata sokoni hakuonekana.

Khaemba angeweza kuikazakaza ile mashine, apokee asante yake, yaishe. Alishindwa. Alimwambia yote, macho yake yakiwa mezani.

Aloo aliichukua ile saa mezani.

"Usiniambie mimi," akasema. "Twende ukamwambie Mama."

Walifika Kombewa alasiri. Selpha, mjane wa mzee, alikuwa ameketi chini ya turubai, kina mama wa kanisa wamemzunguka. Khaemba alipiga magoti, akakiri kwa sauti ya kukatika. Njiani alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa.

Selpha alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri, akamwomba arudie. Akarudia.

"Mimi ndiye niliyemwambia amezeeka," Selpha alisema polepole. "Kila asubuhi aliniapia kwamba saa ameitia ufunguo. Nikamwambia, Baba, ni akili yako imechoka, waachie wengine hiyo kengele. Akaniamini."

Hakumlaani Khaemba, wala hakumsamehe. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika. Khaemba alibaki magotini, hajui aondoke au akae, hadi Aloo alipomgusa begani na kumwambia aende.