Chupa za Daku

Chwii! Kifuniko cha chupa kilifunguka jikoni kabla ya adhana, na Bi Mboni akatabasamu kitandani. Mjukuu wake ameamka kula daku. Chupa ile ya enaji, kinywaji cha kutia nguvu, alimnunulia mwenyewe, dukani pale Makorora, kila siku ya Ramadhani. Yasini alikuwa kidato cha nne; bila hiyo, alisema, akifunga anasinzia darasani.

Kumi la pili mtoto akaanza kukonda. Akawa anaamka usiku kukojoa, mara nne, mara tano, na kiu haimwishi hata baada ya futari. "Ndiyo funga yenyewe, baba," Bi Mboni alimwambia, akamwongezea chupa ya pili.

Siku ya kumi na saba Yasini alianguka darasani. Mwalimu Ruthi, Mlutheri wa watu, alimbeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, viatu vyake akaviacha njiani. Hospitalini daktari aliuliza kijana alikuwa akinywa nini. Bi Mboni akataja. Daktari hakumgombeza. Alisema kisukari kilikuwa kimejificha mwilini, na sukari ile yote ikakichochea.

Yasini alifariki siku ya pili yake.

Baada ya Idi, Mwalimu Ruthi alibisha hodi. "Shikamoo, Bibi. Nataka kuwafundisha wenzake juu ya chupa zile, kwa kisa cha Yasini. Ila ukikataa, sitamtaja."

Bi Mboni akavaa baibui lake, wakafuatana shuleni.

Darasani mwalimu alisoma maandishi ya chupa, akachota sukari kwenye kisosi, kijiko baada ya kijiko, mpaka kumi na viwili.

"Anayekunywa chai ya sukari hii tumwiteje?"

"Sisimizi!" alidakia Sabiri kutoka dawati la mbele. Darasa zima likacheka.

Bi Mboni akasimama. "Yasini alikuwa anakunywa mbili. Nilikuwa nampa mimi."

Kicheko kikakatika.

"Kiu ile, mkojo ule, nilidhani ni funga. Mwenye hayo aseme, akapimwe. Asingoje bibi yake ajue. Mimi sikujua."

Sabiri aliinuka, akamletea kiti, akamshika mkono mpaka akaketi.

Wakati wa kuondoka, Khadija, msichana wa dawati la nyuma, alimfuata hadi getini.

"Bibi, mama yangu ananinunulia enaji nikeshe nasoma. Nikimkataza mimi ananiona nina kiburi."

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Uje tena, Bibi. Jumamosi. Uje nyumbani kwetu."