Nyundo Iliyovikwa Matambara

Kipandauso kilipomjia bibi kilitanguliwa na nuru: duara lenye meno ya msumeno, likimetameta pembeni mwa jicho, zuri kupita kiasi, likielea juu ya kikombe, juu ya mlango, juu ya uso wa mumewe. Kisha nuru ikazimika na kichwa kikapasuka. Uzee huu! Wenzake walilalamikia magoti. Yeye alilala chumba cha giza, kitambaa cha maji usoni.

Mumewe alikuwa fundi bati, na karakana yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba hicho hicho. Kwa kumhurumia, aliivika nyundo matambara. Ikawa inagonga kama ngumi juu ya godoro, na mabeseni yakatoka kingo zimekwenda upande. Wateja walicheka, kisha wakaacha kuja. Basi mzee akaiweka nyundo chini, akawa mtu wa kupiga miayo na kuchungulia masufuria. Hilo lilimuuma bibi kuliko kichwa.

"Nakwenda kwa daktari," akasema.

"Si ulisema madaktari hawakijui kichwa chako?"

"Leo nawafahamisha."

Daktari, binti wa sauti ya chini, alimwuliza anameza nini. Bibi akamwaga mkoba: vidonge vya dukani, vya jirani, vya wifi.

"Mama, kuvimeza hivi kila siku ndiko kunakokirudisha kipandauso. Acha vyote. Nitakupa dawa moja ya kuzuia. Mwanzoni itakuwa ngumu."

Ngumu? Acha tu! Alielea ndani ya siku zile kama jani kwenye pipa la maji, asijue mchana wala usiku, ila mkono wa mzee ukibadilisha kitambaa. Halafu asubuhi moja akaamka, akaingoja nuru. Haikuja. Wala siku zilizofuata. Aliikumbuka kidogo, jamani, kama mtu anavyomkumbuka mgeni msumbufu aliyejua kupendeza.

Akaenda karakanani, akaichukua nyundo, akaanza kuivua matambara. Mzee akamkuta hapo.

"Iache, mke wangu. Nimeshazoea kupumzika."

"Mwongo mkubwa wewe. Gonga."

"Na kikirudi?"

"Kikirudi kitatukuta. Gonga, bwana!"

Mzee aliweka bati juu ya chuma cha fuawe, akaipokea nyundo. Bibi akafumba macho. Pigo likalia, ngoo! likaruka ukutani, likamfikia. Akangoja. Nyuma ya kope zake palikuwa na giza tu, giza la kawaida.

"Tena," akasema.