Mzee Pyo Aingia Jikoni

Mimi ni Bong-rye, shemasi, na jiko la kanisa letu hapa Yeongju nimelishika miaka thelathini na moja. Nasema mapema mtu asije akadhani haya ni ya kusikia. Kila Novemba tunatengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili inayochachushwa, ya miezi yote ya baridi kwa ajili ya wakongwe arobaini wanaoishi peke yao mtaa wa juu. Kabichi mia tatu. Mwaka huu akina mama tuliobaki jikoni tulikuwa wanne, na magoti mazima kwa jumla yalikuwa matatu.

Basi wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mkubwa wao ni Mzee Pyo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye tangu azaliwe hajavuka kizingiti cha jiko. Jumapili akasimama akatutangazia, "Akina mama wamechoka. Mwaka huu tuache."

Tuache, anasema. Bibi Ok-bun wa mtaa wa juu hana mtoto, amebakiwa na meno manne, na theluji ikianguka chakula chake ni wali na kimchi yangu tu. Nilikuwa nimeshamwahidi. Nikainuka na goti langu bovu.

"Mzee Pyo, juzi ulitufundisha Bwana alivyowaosha wanafunzi miguu. Mimi miguu yangu naosha mwenyewe. Nioshee kabichi."

Kanisa likacheka, ingawa hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo. Masikio yakamwiva. "Sawa," akasema. "Wazee tutafanya. Nyinyi kaeni."

Jumatano mchana wazee saba hao uani, na aproni zetu za maua na mabuti ya mpira. Sisi viti vyetu tukavipanga tukawatazama. Niliona tangu mwanzo wanavyokosea. Chumvi waliimwaga juu juu, kwenye majani ya nje, na inatakiwa iingie jani kwa jani mpaka shinani. Nilipofungua mdomo, Mzee Pyo akaniinulia kiganja.

"Pumzika, Mama Shemasi. Nimeongoza shule ya watoto mia tisa, kabichi itanishinda?"

Nikanyamaza, na nakiri nilinyamaza kwa ubaya. Nilisema moyoni, ngoja uone.

Alhamisi, ibada ya alfajiri ilipokwisha, tukatoka sote kwenda uani. Kabichi iliyokolea chumvi hukunjika bila kukatika. Mzee Pyo akaikunja ya kwanza, ikakatika ka. Ya pili, ka. Kwetu kabichi kama hiyo tunasema imefufuka, inataka kurudi shambani. Na redio ilishasema Ijumaa maji yataganda. Zikigandia mle kwenye mapipa ya maji ya chumvi, zote ni za kutupa.

"Mzee Pyo," nikamwuliza, "ulizitia chumvi au uliziombea tu?"

Wenzangu wakavunjika mbavu. Yeye alisimama na kabichi yake mkononi, akalitazama lango, nami nikaingiwa na hofu. Akiondoka huyu, wale sita wanamfuata, na Bibi Ok-bun ndiyo basi tena.

Hakuondoka. Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, mbele ya kiti changu, mchungaji na waumini wote wanatazama.

"Nilipaswa kuuliza jana," akasema. "Niliona haya mwanamume mzima kuulizia mambo ya jikoni. Mama Bong-rye, nifundishe."

Miaka thelathini na moja, na sikujua kama analijua jina langu. Hasira yote ikaniisha palepale.

Nikashika kijiti nikawa naelekeza. "Shinani, Mzee. Shinani, siyo kwenye nywele." Vipande mia sita, kila kabichi nusu mbili, jani kwa jani. Mikono ikamchanika kwa chumvi, nikamwambia apumzike, akakataa. Jioni nikachukua kipande kimoja nikakikunja, kikakunjika kama kitambaa. Nikakiinua juu wote waone, na wale wazee saba wakapiga makofi kama watoto waliofaulu mtihani. Ijumaa maji yaliganda kweli, lakini sisi tulikuwa ndani ya ukumbi tunapaka pilipili, kitunguu saumu na uduvi.

Jumamosi Mzee Pyo akaupandisha mtungi wa kimchi wa Bibi Ok-bun mwenyewe, ngazi zote zile za mtaa wa juu. Bibi akaonja, akatafuna taratibu.

"Nani katia chumvi?"

"Huyu hapa," nikasema.

Akamtazama juu mpaka chini. "Mwaka ujao aje tena."

Jumapili, baada ya ibada, kukawa na chakula kama kawaida. Meza ya wazee wa kanisa huandaliwa kwanza, sisi tunakula mwisho, tumesimama jikoni. Siku hiyo viti vyao vilikuwa vitupu. Mzee Pyo akatoka jikoni na aproni ya maua na bakuli la supu, akanivutia kiti cha mbele kabisa, kile chake.

"Kaa, Mama Bong-rye."

Nikakaa. Nikalia, wala sikujificha. Nilipomaliza kulia nikaionja ile supu, nikamwambia imepoa. Akaichukua, akarudi jikoni kuipasha.